Saa moja isiyo yake: maisha ya kazi ya mtangazaji wa mijadala katika redio za Uganda

MPOKEA SIMU (mwanzisha uzi)

Ndugu wana jukwaa, salaam.

Kwa miaka saba nilikuwa mpokea simu katika kituo kimoja cha FM kule West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Nilikaa nyuma ya kioo cha studio nikiwa na simu mbili za mkononi na daftari, nikawauliza wapigaji majina na vijiji vyao, kisha nikainua kidole kumwashiria mtangazaji kwamba mtu yupo kwenye laini. Mtangazaji niliyemfanyia kazi hiyo sitamtaja kwa jina, kwa sababu yu hai, amekwisha kustaafu, na hakunituma kumsemea. Kituo nacho sitakitaja. Nitamwita Mzee, kama tulivyomwita sote pale kazini, hata meneja aliyemzidi umri.

Kilichonisukuma kuandika ni kijana wa jirani aliyeniuliza juzi afanye nini ili awe mtangazaji wa kipindi cha mjadala. Alitarajia nimweleze habari za sauti nzuri na kujiamini. Nilipoanza kumjibu nikajikuta nazungumzia saa. Mtangazaji wa namna hiyo hupewa saa moja au mbili kwa wiki, akajenga jina lake lote juu yake, ilhali saa yenyewe si mali yake. Mwenye kituo aweza kuiuza, mdhamini aweza kuinunua, mwakilishi wa Rais wilayani, yaani RDC, aweza kupewa bure aeleze mipango ya serikali, na Tume ya Mawasiliano, UCC, yaweza kuizima. Uganda ina vituo vya redio zaidi ya 200, na sidhani kama watafika kumi watangazaji wa mijadala wanaoweza kuapa kwamba saa wanayoiendesha ni yao.

Mzee alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na redioni aliingia kwa mlango wa matangazo ya vifo. Walio Kampala huenda hawajui kwamba kituo cha wilayani huishi kwa matangazo hayo kuliko kwa bia na sabuni. Mtu hufika mapokezi na kipande cha karatasi, akalipa, na jioni husomwa jina la marehemu, ukoo wake, mahali atakapozikwa, na orodha ya ndugu wanaopaswa kujulishwa popote walipo, wawe Kampala, Juba au Ariwara ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Jina likikosewa, ukoo mzima huwa umekosewa, na asubuhi utawakuta wazee langoni wakidai tangazo lirudiwe bila malipo. Mzee hakukubali kusoma karatasi ambayo hajazungumza na aliyeileta. Alimwomba mtu alitamke jina mara mbili, naye akaliandika upya kwa penseli, akiweka vialama vya mahali sauti inapopanda na inaposhuka, kwa maana katika Kilugbara, lugha ya kwetu, sauti ikipanda mahali pasipofaa neno hugeuka kuwa neno jingine. Haukupita mwaka kabla watu hawajaanza kuomba pale mapokezi kwamba wafu wao wasomwe na "yule mwalimu". Jina lake lilianzia hapo.

Alipoomba kipindi cha mjadala kwa Kiswahili alipewa Jumamosi, saa mbili usiku. Mtu asiyejua atadhani alipendelewa. Ukweli ni kwamba saa hiyo hakuna aliyeitaka, kwa sababu vijana wote wenye shilingi elfu moja mfukoni huwa wamejazana katika vibanda vya mpira wakitazama ligi ya Uingereza. Kilugbara kilikuwa na jioni za siku za kazi, Kiingereza kilikuwa na asubuhi, na Kiswahili kikatupiwa makombo. Mzee alisema kwamba walio vibandani hatawahitaji. Atazungumza na madereva wa malori waliolala njiani, askari walio zamu, wauza duka waliofunga milango wakihesabu pesa, na wanawake ambao siku hiyo redio hatimaye imebaki mikononi mwao. Hao ndio waliopiga simu, na kwa miezi michache laini zangu mbili hazikutosha.

Nitaeleza jambo moja la ufundi wake kisha nisubiri michango. Mpigaji alipomtuhumu mtu, tuseme mhudumu wa zahanati kwamba anauza dawa za serikali, Mzee hakumkata wala hakumshangilia. Alimwuliza: "Umeona kwa macho yako, au umeambiwa?" Akisema ameona, swali la pili lilikuwa siku gani. Akitaja siku, swali la tatu lilikuwa kama yuko tayari kuyarudia maneno hayo mhudumu mwenyewe akiwa kwenye laini. Wengi walikata simu wenyewe wakifika swali la pili. Wachache waliofika la tatu, kipindi cha wiki iliyofuata kilikuwa chao, na mtuhumiwa alialikwa.

MSOMAJI WA KAMPALA

Ndugu Mpokea Simu, nashukuru kwa uzi huu, lakini naomba niongeze upande wa mjini, kwa kuwa habari ya saa inayonyang'anywa haikuanzia vijijini.

Sisi tuliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1990 tunakumbuka kwamba kulikuwa na Radio Uganda ya serikali peke yake. Redio binafsi za Sanyu na Capital zilipoanza mwishoni mwa 1993, na CBS ya Ufalme wa Buganda ilipofuata mwaka 1996, ilikuwa ajabu kumsikia raia akipinga jambo hewani na kesho yake akaenda kazini. Baadaye ikaja ekimeeza, yaani meza. Radio One iliwakusanya watu Club Obbligato siku za Jumamosi, wakanywa vinywaji vyao na kupokezana mikrofoni huku nchi nzima ikisikiliza. Nilihudhuria mara nyingi, na mara mbili nilipata zamu ya kusema. Vituo vingine viliiga, na CBS wakaita kipindi chao cha Kiganda kwa jina la Kiswahili, Mambo Bado, jambo ambalo wana jukwaa wanaodai kwamba Baganda hawataki kusikia lugha hii wangelitafakari.

Mwendeshaji wa ekimeeza alikuwa na kazi ngumu kuliko ya Mzee wenu, kwa maana hakuwa na laini ya kukata. Mtu aliyelewa alisimama mbele yake, mwenye chama alisimama nyuma ya mlevi, na ofisa wa usalama huenda alikaa meza ya tatu akinywa soda. Kuendesha meza ya namna hiyo kwa saa kadhaa bila ngumi kurushwa na bila kituo kufungwa ni ustadi ambao sijauona tena.

Halafu ikaja Septemba 2009. Serikali ilimzuia Katikkiro, waziri mkuu wa Buganda, kwenda Kayunga kuandaa ziara ya Kabaka, mfalme wake, ghasia zikalipuka Kampala tarehe 10, watu zaidi ya 20 wakafa, na jioni hiyo hiyo CBS ikazimwa. Vituo vingine vitatu vilifungwa pia, na bimeeza, yaani ekimeeza zote, zikapigwa marufuku. CBS haikurudi hewani hadi Oktoba 2010. Fikirieni mtangazaji ambaye saa yake imepotea kwa zaidi ya mwaka: sauti anayo, wasikilizaji anao, na kodi ya nyumba inadaiwa. Robert Kalundi Serumaga, aliyekuwa akiendesha mjadala Radio One, alikamatwa siku ya pili ya ghasia akitoka katika kipindi cha televisheni, akapigwa, kisha akashtakiwa kwa uchochezi.

Miaka minne kabla ya hapo alikuwa Andrew Mwenda wa redio ya KFM, aliyezungumzia kifo cha John Garang, kiongozi wa Sudan Kusini, katika ajali ya helikopta. Kituo kilifungwa kwa takriban wiki moja mnamo Agosti 2005, naye akafunguliwa mashtaka ya uchochezi. Yeye aliipeleka sheria yenyewe mahakamani, na Agosti 2010 Mahakama ya Katiba ikakifuta kifungu hicho. Alikuwa amekwisha kuondoka redioni na kuanzisha jarida lake. Naona hapo ndipo tofauti ilipo kati ya mjini na wilayani: mtangazaji wa Kampala akiguswa, kuna wakili, kuna magazeti, kuna ubalozi utakaotoa tamko. Wa wilayani huondolewa tu katika ratiba ya wiki, na wasikilizaji hudhani amesafiri.

FUNDI WA MITAMBO

Nichangie kwa ufupi. Watu huuliza kwa nini watangazaji wa wilayani huwa waoga. Vituo vikubwa vina kifaa cha kuchelewesha sauti kwa sekunde chache, hivyo mpigaji akitukana, neno hukamatwa kabla halijafika mnarani. Vituo vingi nilivyovihudumia havikuwa nacho. Neno likitoka mdomoni limekwisha kufika Yumbe. Mtangazaji mwenyewe ndiye kifaa, kwa kidole chake juu ya kitelezi cha mikrofoni. Na sheria inataka kila kilichorushwa kihifadhiwe kwa siku 60, kwa hiyo kosa la sekunde moja hukaa kwenye kompyuta ya kituo kwa miezi miwili likimngoja anayetaka kulitumia.

DADA WA GULU

Kaka Mpokea Simu, umeandika vizuri, ila umesahau kwamba zipo saa ambazo zilitolewa kwa makusudi mengine kabisa. Mega FM ya hapa Gulu ilianzishwa mwaka 2002 kwa msaada wa Uingereza, vita vya waasi wa LRA vikiendelea, na kipindi chake cha Dwog Cen Paco, yaani rudi nyumbani, kiliwaleta studio waliotoka msituni wawaambie wenzao kwamba wamepokelewa, hawakuuawa, na Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 inawahusu. Mtangazaji wake, Lacambel, alijulikana kila nyumba ya Acholi. Wapiganaji walisikiliza kule kule porini. Mwishoni mwa 2002 Joseph Kony mwenyewe, kiongozi wa waasi hao, alipiga simu kituoni wakati wa kipindi. Hebu mpokea simu wetu ajiweke mahali pa yule aliyeinua simu siku hiyo na kuuliza, "Jina lako nani, na unapiga kutoka kijiji gani?"

Ninalotaka kusema ni kwamba mtangazaji wa kipindi kama hicho hakuweza kuwahesabu wasikilizaji wake kwa idadi ya simu. Aliwahesabu kwa watoto waliotokea barabarani wiki tatu baadaye wakisema walimsikia.

Jambo la pili, mmezungumzia Mzee, meneja, fundi, wote wanaume. Kipindi kinachokwisha saa tatu au saa nne usiku humfungia mwanamke mlango kabla hajabisha. Mimi nilisoma habari jioni kwa miaka miwili, na nauli ya boda ya usiku ilikula zaidi ya nusu ya posho yangu. Chama cha wanawake wanahabari kilipoanzisha Mama FM Kampala mwaka 2001, watu wa kituo changu walicheka na kuuliza kama redio nayo inahitaji kuvaa gauni. Hakuna aliyeuliza kwa nini mijadala ya siasa huwekwa saa ambazo dada zao hawawezi kutembea.

MWALIMU MSTAAFU, BOMBO

Vijana wangu, ruhusuni na mimi niseme juu ya lugha. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 kwa amri ya Amin, kikawa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya Katiba ya 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe shuleni kwa lazima. Mara tatu kimepewa cheo, na mara zote tatu nimesubiri mshahara wa cheo hicho uonekane redioni. Naomba Mpokea Simu atueleze Mzee alifanyaje na wale wanaokikumbuka kama lugha ya bunduki, yaani ya askari, maana mimi kama Mnubi, wa kabila linalohusishwa na jeshi la Amin, nimeishi na lawama hiyo maisha yangu yote.

MPOKEA SIMU

Shikamoo Mwalimu. Dada wa Gulu, umenikosoa kwa haki. Katika miaka saba hatukuwahi kuwa na mwanamke studioni usiku isipokuwa kama mgeni, na sikumbuki kama jambo hilo liliwahi kuzungumzwa kikaoni hata mara moja.

Swali lako, Mwalimu, linajibiwa na mpigaji mmoja. Katika daftari langu aliandikwa Mama Masaka, kwa sababu ndiko alikotoka kabla ya kuja kufanya biashara ya vitenge mjini kwetu. Mara ya kwanza alipopiga hakuwa na mchango. Alisema, "Mwanangu, mara ya mwisho kusikia mwanamume akiniambia neno kwa lugha hii usiku, ilikuwa kwenye kizuizi cha barabarani, na aliniambia nishushe mzigo." Studio ilinyamaza. Katika redio ukimya wa sekunde nne ni mrefu mno, na nilimwona meneja akitoa kichwa mlangoni. Mzee akamjibu taratibu: "Mama, usiku huu hakuna anayekuamuru ushushe. Tuambie umebeba nini." Akazungumza dakika kumi na moja, habari za mwaka 1979, wa vita vilivyomng'oa Amin, na za miaka iliyofuata, kwa Kiswahili ambacho alidai hakijui. Tangu usiku huo alipiga karibu kila Jumamosi, na mara nyingi alikuwa akigombana na Mzee kuhusu ushuru wa soko.

Kwa hiyo Mzee hakuitetea lugha. Aliiacha ishtakiwe kwenye saa yake yenyewe.

Sasa habari ya pesa, ambayo hakuna aliyeniuliza lakini najua inakuja. Mshahara wake kwa mwezi haukumlipia mtoto mmoja karo ya bweni kwa muhula. Pengo hilo lilizibwa na wadhamini. Shirika lilikuja na mradi wa vyandarua, likanunua saa kwa wiki sita, na wiki hizo sita wapigaji waliotaka kuzungumzia barabara walielekezwa kwenye malaria. Lilipoondoka likaja jingine na mradi wa vyoo. Sisemi malaria si muhimu. Mwanangu mwenyewe nusura imchukue. Nasema kwamba mtangazaji aliyezoea kuwauliza watu wanataka kuzungumzia nini alianza kuwaambia, na wasikilizaji huisikia tofauti hiyo upesi kuliko meneja.

MKOSOAJI

Bwana Mpokea Simu, unamchora Mzee kama malaika. Sote tunazijua bahasha. Mgeni akija studio humwachia mtangazaji "nauli", na mtangazaji aliyepokea nauli huuliza maswali laini. Je, Mzee hakupokea? Na wewe mwenyewe, uliyekuwa na laini mbili mkononi, hukuwahi kumtanguliza mtu?

MPOKEA SIMU

Umeuliza sawasawa, Bwana Mkosoaji, nami nitajibu sawasawa. Alipokea. Alikuwa na desturi ya kupokea baada ya kipindi tu, kamwe si kabla, akiamini kwamba hilo linamlinda, na mimi nilikuwa nikimwambia kwamba mgeni wa wiki ijayo amekwisha kujua atatoa nini. Hatukukubaliana hadi mwisho.

Na mimi nilikula. Kila chama kina vijana wake wa kupiga simu, wanaolipwa kwa vocha na chakula cha mchana, wakipewa maneno ya kusema. Mmoja wao alinizoea, akawa ananiletea soda na chapati jioni, na jina lake likawa la kwanza kwenye orodha kwa miezi kadhaa. Kilichonizindua ni jogoo. Usiku mmoja alipiga mtu aliyejiita wa Koboko, na nyuma yake jogoo akawika usiku wa saa mbili na nusu. Dakika ishirini baadaye alipiga mtu wa Maracha mwenye sauti nzito zaidi, na jogoo yule yule, ambaye sauti yake hukatikia katikati, akawika. Wa tatu, wa Adjumani, nilimkata kabla hajataja jina. Mzee alikuwa ameshatambua kabla yangu. Aliandika kwenye karatasi na kuibandika kiooni: "Mwulize jogoo naye anachangia nini." Nilicheka, lakini niliona aibu, maana nilijua chapati zile zilitoka wapi.

Watu wengi waliojenga jina kwa njia hii hulibadilisha kuwa kura, na siwalaumu. CBS peke yake imetoa wabunge, miongoni mwao Betty Nambooze wa Mukono na marehemu Kato Lubwama wa Rubaga. Mtu ambaye sauti yake inajulikana kila kijiji hahitaji mabango. Wazee wa kwetu walimjia Mzee mara mbili wakimtaka agombee uenyekiti wa wilaya. Alikataa, nami sitasema ni kwa sababu ya uadilifu. Hakuwa na pesa za kampeni, na aliogopa kushindwa mbele ya watu waliozoea kumsikiliza.

MSOMAJI WA KAMPALA

Hujatueleza alivyoondoka. Ulisema amestaafu.

MPOKEA SIMU

Nimekuwa nikilikwepa, lakini uzi umefika huko.

Mnakumbuka mwaka 2020. Kuanzia mwisho wa Machi kulikuwa na amri ya kutotoka nje, mwanzoni kuanzia saa moja jioni, na sisi wa kipindi cha usiku tukawa tunalala kituoni juu ya magodoro, mimi, Mzee na mlinzi. Mwezi Juni Tume ya Uchaguzi ikasema hakutakuwa na mikutano mikubwa ya hadhara kwa sababu ya korona na wagombea watumie vyombo vya habari. Kwa siku moja, saa ya redio ikawa bidhaa adimu kuliko mafuta ya petroli. Saa yetu ya Jumamosi, ile ya makombo, ikawa inauzwa kwa bei ambayo hatukuwahi kuiota, kwa kuwa sasa kila mtu alikuwa nyumbani usiku. Mgombea mmoja aliinunua Jumamosi zote za mwezi. Mzee alibaki kitini, akiuliza maswali yaliyoandikwa na mtu mwingine.

Jumamosi moja mgombea huyo hakuitaka, na meneja akamwuzia mpinzani wake. Yule bwana alilipa mchana na kupewa risiti. Jioni simu ikapigwa kutoka mahali ambapo meneja hakupataja. Mpinzani alipofika langoni saa mbili kasoro robo, mlinzi alimwambia kwamba umeme una hitilafu na kipindi hakipo, akamrudishia pesa zake ndani ya gazeti. Taa ya mnara ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake. Niliona yote kupitia dirisha la ngazi.

Meneja aliagiza muziki. Mzee akasema atafungua kwa salamu tu, kisha muziki. Saa mbili kamili akainua kitelezi, na sauti iliyotoka haikuwa ya mjadala. Ilikuwa ile ya zamani, ya matangazo ya vifo, ambayo hatukuwa tumeisikia kwa miaka. Alitaja jina kamili la mpinzani yule aliyerudishwa langoni, akaligawanya polepole kama alivyokuwa akifanya na penseli yake, akataja baba yake, ukoo wake na kijiji chake. Akasema: "Alitarajiwa kuwa nasi saa mbili kamili usiku huu. Amefika hadi langoni. Ndugu, jamaa na marafiki popote walipo, wajulishwe." Akanyamaza kwa sekunde zile zile nne. Kisha akaweka muziki.

Hakuna alichosema ambacho si kweli, na hakuna aliyetukanwa. Simu zangu mbili zikaanza kulia kwa pamoja. Kwa kuwa hakukuwa na kipindi, sikuwa na ruhusa ya kumpitisha mtu, lakini niliandika majina kwa mazoea.

Jumatatu saa ya Jumamosi ilikuwa ya muziki wa injili. Mzee alihamishiwa salamu za alfajiri, saa kumi na moja, akazisoma hadi uchaguzi wa tarehe 14 Januari 2021 ulipopita, kisha akaandika barua akasema macho yamechoka. Kituo kilimpa saa ya ukutani kama zawadi ya kustaafu, na nawaapia sibuni. Mwaka 2022, baada ya lile agizo la Kiswahili alilolitaja Mwalimu, meneja mpya alimtumia mtu kumwuliza kama angerudi, kwa sababu sasa kuna wadhamini wa vipindi vya Kiswahili. Aliuliza ni siku gani na saa ngapi. Akaambiwa itategemea.

FUNDI WA MITAMBO

Ile rekodi ipo? Siku 60 zilipita zamani, lakini mara nyingine kompyuta hizo hubaki na mabaki. Mwenye ujuzi angeweza kuitafuta.

MPOKEA SIMU

Haipo, Fundi. Kompyuta ile iliungua na umeme mwaka uliofuata, safari hii hitilafu ya kweli. Nilichobaki nacho ni daftari. Ukurasa wa usiku huo una majina kumi na tisa ndani ya dakika ishirini, zaidi ya usiku mwingine wowote. Wa kwanza ni dereva aliyekuwa Nimule akisubiri kuvuka mpaka, aliyetaka kujua mgombea amekufa na nini. Watatu ni askari waliokataa kutaja majina. Mstari wa mwisho, kwa kalamu nyekundu kwa sababu ya buluu ilikuwa imekwisha wino, umeandikwa hivi: Mama Masaka, anauliza nani aliye langoni, laini imekatika.